Nyenje, Pikipiki Iliyojua Kurudi Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda kinyumenyume, na wala sisemi kwa mafumbo. Nilipanda pikipiki mbele ya watumishi wote wa ofisi ya mifugo ya wilaya, Dodoma mjini, nikatia gia, nikaachia klachi, nayo ikanipeleka nyuma moja kwa moja mpaka kwenye meza ya soda. Nikiwasimulia vijana wa bodaboda wa siku hizi, wanacheka na kuniuliza, "Bibi, kwani pikipiki ina gia ya kurudi nyuma?" Haina. Ndiyo maana nimeona niandike, maana waliokuwapo siku ile tunazidi kupungua.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini, ambayo rafu zake zilikuwa tupu kiasi kwamba mwenye duka alikaa akijipepea tu, yalianza kujaa sabuni za kunukia, redio za kaseti, nguo za mitumba na, kilichonifurahisha mimi kuliko vyote, vipuri. Kabla ya hapo plagi ya pikipiki ilitafutwa kwa kibali na kwa kujuana, na mafundi walikata gasketi kwenye maboksi ya viatu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo mbichi kabisa, binti wa Kigogo mwenye miguu mirefu na mdomo usiojua kufungwa. Nilipangiwa kuwa Bibi Mifugo wa Bahi, kuchanja na kutibu ng'ombe wa wafugaji. Nikapewa na pikipiki! Mwenzenu sikulala kwa furaha.

Aliyenikabidhi alikuwa Afisa Mifugo wa Wilaya, mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya kuhubiri. Sisi tulimwita Bwana Afisa. Alipenda kila jambo lifanyike kwa sherehe, hata kukabidhi ndoo.

"Bibi Sechelela," alisema, mkono mmoja juu ya tangi, "hii ni mali ya umma. Itunze kuliko unavyojitunza mwenyewe. Haya, tuoneshe."

Pikipiki ilikuwa ndogo, nyekundu, ya Kijapani, yenye injini ya mapigo mawili. Chuoni nilikuwa nimejifunza kidogo kwenye pikipiki kubwa. Nikapandisha suruali yangu ya mitumba, nikapiga kiki. Mguu ukasita katikati, maana macho yote yalikuwa kwangu. Injini ikawaka, lakini kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu mwenye mafua. Mimi ningejuaje? Nikatia gia ya kwanza. Yaliyofuata mmeshayasikia. Chupa za soda zilianguka, keki ya mke wa Bwana Afisa ikapata alama ya tairi, na karani wa masjala alicheka mpaka akakaa chini.

Bwana Afisa hakucheka. "Serikali inakwenda mbele," alisema, "wewe unatupeleka nyuma! Sitaki kuiona tena ikifanya hivyo. Siku nikiiona, inakwenda kwa mwingine, na wewe utakaa masjala ukipanga mafaili."

Masjala! Mimi nikae chumba kisicho na dirisha nikipanga mafaili, wakati Bahi kuna ng'ombe! Nilikuwa karibu kulia. Aliyeniokoa alikuwa Fundi Mkuu wa karakana yetu ya Kizota, mzee mwembamba mwenye vidole vyeusi vya oili, ambaye alizima injini, akaniinamia na kusema taratibu, "Pole, binti yangu. Haijaharibika. Imewaka kinyume."

Kesho yake nilikwenda Kizota, na kesho kutwa, na wiki nzima iliyofuata. Fundi Mkuu aliifungua ile injini mbele yangu, akaniwekea kila kipande juu ya gunia. Nilidhani nitachoka, kumbe moyo ulikuwa unanidunda. Injini ya mapigo manne, alinieleza, ina vali zinazofunguka na kufunga kama milango, na pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo mlipuko mmoja upatikane. Hii ya mapigo mawili haina vali hata moja. Ina matundu tu kwenye ukuta wa silinda. Pistoni yenyewe ndiyo mlango: ikipanda inafunika matundu haya na kufungua yale, ikishuka inafanya kinyume chake, na kila ikifika juu, mlipuko! Ndiyo maana kainjini kadogo kama kichwa cha mbuzi kalikuwa na nguvu za kushangaza, na ndiyo maana kalilia kwa sauti nyembamba isiyokatika. Wafugaji wa Bahi waliiita Nyenje, kwa jina la yule mdudu anayepiga kelele mitini wakati wa joto, na jina likakaa.

"Sasa fikiri," Fundi Mkuu aliniambia. "Kitu kisicho na vali hakijui mbele wala nyuma. Ukipiga kiki ya nguvu, pistoni inapita juu, cheche inapiga, inazunguka upande wake. Ukipiga ya kinyonge, cheche inaikuta pistoni bado inapanda, inairudisha ilikotoka. Na ikisharudi, inaendelea hivyo hivyo kinyume. Mguu ukisita, injini inajiamulia."

"Nitajuaje kabla sijatia gia, Baba?"

"Sikiliza. Ikiwaka sawa inaimba. Ikiwaka kinyume inakwaruza. Masikio unayo ya nini?"

Alinifanya niiwashe kwa mguu wa nguvu na kwa mguu wa kinyonge, macho nimefumba, mpaka nikawa natofautisha sauti hizo mbili kama unavyotofautisha sauti ya mama na ya shangazi. Ya kinyume haikukubali kila mara. Ilitaka mguu mlegevu wa namna yake, wa kusukuma na kuacha, na mimi kwa ukaidi wangu nilijifunza hata huo. Fundi Mkuu alitikisa kichwa akisema sina kazi ya kufanya, lakini niliona anatabasamu.

Nilijifunza na mengine. Injini hii haina bakuli la oili chini, hivyo oili inachanganywa kwenye petroli yenyewe na kupita humo humo, ikilainisha huku inaungua. Ukizidisha oili, plagi inalowa na kuzima, na nyuma unaacha moshi wa buluu kama unafukiza nyuki. Ukipunguza, pistoni inavimba kwa joto na kukwama ndani ya silinda, na hapo umekwisha. Baada ya ruksa oili zilikuja za kila rangi, na nyingine zilikuwa mafuta ya kupikia maandazi, mimi naamini hivyo mpaka leo. Nilizinusa kwanza kabla ya kukubali. Ekzosi nayo ilijaa masizi. Tuliivua, tukaichoma kwenye moto wa kuni mpaka ikawa nyekundu, tukaigonga, masizi yakamwagika, na Nyenje ikarudi kuruka kama ndama.

Basi, nikaenda Bahi. Enyi mliozaliwa na lami, hamjui Bahi ya masika. Ni bonde linalopokea maji kutoka kila upande. Kiangazi ardhi inapasuka, masika inageuka majaruba ya mpunga na tope la mfinyanzi, na katikati yake kuna ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Landrova ya ofisi ilifika siku ilipojisikia. Nyenje ilifika kila siku, kwa sababu ilikuwa nyepesi. Ilipozama niliinyanyua gurudumu moja, kisha la pili, nikaendelea na safari. Nilivaa kanga juu ya suruali ili wazee wasinisengenye sana, nao wakanisengenya tu.

Mmoja wao alikuwa Mzee Ndahani. Alikuwa na kundi kubwa la ng'ombe, na wafugaji wengine walimtazama yeye: akileta ng'ombe wake kwenye chanjo, wote wanaleta, akikataa, unabaki na sindano zako. Naye alikuwa na sababu ya kukataa. Zamani, kabla yangu, aliletewa chanjo iliyochelewa njiani mpaka barafu yote ikayeyuka. Chanjo ile ikishapata joto ni maji matupu. Ng'ombe wake walidungwa, na bado walikufa.

"Wewe Bibi Mifugo ni mtoto wa hapa," aliniambia. "Sikukatalii. Lakini mimi naangalia barafu kwanza. Hakuna barafu, hakuna ng'ombe."

Huo ukawa ndio utaratibu wa Bahi. Kabla sijafungua hata kichupa kimoja, Mzee Ndahani alitia mkono kwenye deli, lile boksi la kuhifadhia baridi, akatoa kipande cha barafu na kukibandika shavuni. Akisema "Baridi," kazi inaanza. Maofisa waliona ni ushamba. Mimi niliona ni ukaguzi wa haki kabisa.

Masika ya mwaka mmoja ikaja habari mbaya: homa ya mapafu ya ng'ombe imeingia kijiji cha jirani. Ugonjwa huo ng'ombe anakohoa, anatanua pua, anakonda ukimtazama, na unaambukiza kwa pumzi tu. Nilizunguka na Nyenje boma kwa boma. Mzee Ndahani alikubali kuleta kundi lake lote, na wengine wakamfuata. Bwana Afisa akatuma neno kwamba yeye mwenyewe ataleta chanjo kwa Landrova kutoka mjini, na akaongeza, kwa sauti yake ile ya kuhubiri, kwamba kituo ambacho wafugaji hawaleti ng'ombe hakina haja ya Bibi Mifugo wala pikipiki. Nilimwelewa vizuri. Siku hiyo ikiharibika, ng'ombe wa Bahi watabaki bila chanjo, nami nitakwenda kupanga mafaili.

Asubuhi ile ng'ombe walijaa uwanda mzima, vumbi hakuna, tope tupu, na kelele za kengele shingoni. Tulikuwa tumejenga uchochoro wa miti, ng'ombe wapite mmoja mmoja. Tukasubiri. Jua likapanda. Landrova haikutokea. Ng'ombe wakaanza kusukumana, na kuwachanganya hivyo wakati ugonjwa uko jirani lilikuwa jambo la hatari. Mzee Ndahani akachukua fimbo yake.

"Mzee, nipe muda kidogo," nilimsihi. "Naifuata chanjo."

Akanyoosha fimbo kuelekea mwembeni? La, Bahi pale hakuna mwembe. Aliielekeza kwenye ncha ya mgunga uliosimama peke yake. "Jua likikaa pale juu, mimi naondoka. Na mwaka ujao usinifuate."

Nilipiga kiki moja ya kuvunja mfupa. Nyenje ikaimba! Niliikuta Landrova upande wa Kigwe, imezama mpaka tumboni, dereva akichimba kwa sufuria. Bwana Afisa alikuwa amesimama kando na viatu mkononi, soksi zimekunjwa vizuri ndani ya viatu, deli miguuni pake.

"Shikamoo, Bwana Afisa. Nipe deli."

"Marahaba. Chanjo hii nimeisaini mimi," alijibu. "Haiendi bila mimi."

Hakukuwa na muda wa kubishana. Akapanda nyuma, deli kwenye mapaja, viatu amevining'iniza shingoni kwa kamba zake. Shokapu za nyuma zililalamika. Lakini Nyenje ilivuta! Moshi wa buluu ukatufunika, nikachochea, tukaondoka. Barabara kuu niliyojia ilikuwa imeshakatwa na maji, nikapita njia ya mkato juu ya matuta ya majaruba, tuta jembamba kama mkeka uliokunjwa, maji na mpunga kulia, maji na mpunga kushoto. Nilikuwa naimba kwa sauti. Sijui niliimba nini.

Kisha tuta likaisha. Maji yalikuwa yamelibomoa mbele yetu, pengo pana lenye maji ya kahawia yanayokimbia. Nilifunga breki tukasimama ukingoni kabisa.

Tuta halikutosha kugeuza. Ukiisukuma pikipiki pembeni, inaingia jarubani na deli lake. Tukajaribu kuivuta nyuma kwa mikono, lakini tope la mfinyanzi lilikuwa limeng'ang'ania magurudumu, na Bwana Afisa aliteleza akakaa chini pwaa, suruali yake ya kaki ikageuka rangi. Nyuma kabisa, mahali tuta lilipokutana na lingine, palikuwa na nafasi ya kugeuza na njia nyingine ya kuzunguka. Nikatazama jua. Kwa makadirio yangu lilikuwa linaukaribia ule mgunga.

"Bwana Afisa," nilisema, "simama nyuma ushike keria."

"Unataka kufanya nini?"

"Kile ulichonikataza."

Alinitazama. Tope lilikuwa linamtiririka kwenye kidevu. Akatazama deli, akatazama mbele kule kengele za ng'ombe zilikokuwa zinasikika kwa mbali. Halafu akageuza uso upande wa majaruba na kusema, "Fanya. Ila mimi sijaona."

Nikapiga kiki ya kinyonge. Nyenje ikawaka, ikaimba. Mbele! Nikaizima. Nikapiga tena, ikaimba tena. Mwenzenu nilikuwa natetemeka, na mguu unaotetemeka haujui kuwa mlegevu. Nikavuta pumzi, nikakumbuka karakana ya Kizota, nikafumba macho kama nilivyofundishwa. Nikasukuma, nikaacha. Injini ikakohoa, ikakwaruza. Ile sauti mbaya, ya mafua, siku ile ilikuwa tamu kuliko kwaya ya Pasaka!

Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole. Gurudumu likazunguka nyuma, likajing'oa kwenye tope. Mimi miguu chini huku na huku, deli mbele yangu juu ya tangi, Bwana Afisa ameshika keria akirudi hatua kwa hatua, akiniongoza. Na hapo, jamani, yule mtu wa heshima, mtu wa kuhubiri, akasahau cheo chake. Akaanza kupaza sauti kama utingo wa lori sokoni: "Njoo! Njoo! Njoo! Kata kushoto! Bado! Njoo mama, njoo! Nyoosha hapo hapo! Njoooo!" Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga wakasimama, wakatutazama, kisha wakapiga vigelegele. Mpaka leo nikikumbuka ninacheka peke yangu.

Tulipofika kwenye njia panda nilizima, nikageuza, nikapiga kiki ya nguvu. Nyenje ikaimba. Bwana Afisa akaruka nyuma na deli lake bila kuambiwa.

Jua lilikuwa limeshaupita mgunga. Kundi la Mzee Ndahani lilikuwa linaondoka, migongo imetugeukia, na wengine wanajipanga kulifuata. Sikuacha kuchochea. Sauti ile nyembamba ilitutangulia uwandani, nikamwona mzee anasimama. Alinisubiri bila kusogea hatua.

"Mbukwenyi!" nilipiga salamu ya Kigogo, pumzi zinanikata.

"Mbukwa," alijibu. Akamtazama Bwana Afisa, aliyejaa tope mpaka nyusi, viatu shingoni. Akafungua deli. Akazamisha mkono, akatafuta, akatafuta. Mkono ukatoka na kipande kidogo, kimebaki cha ukubwa wa punje ya njugu mawe. Akakibandika shavuni, akafumba macho.

"Baridi," alisema.

Kisha akakitia mdomoni, akapiga mluzi, na ng'ombe wa mbele wakageuka. Tulichanja mpaka mikono ikawa haisikii. Bwana Afisa aliwasukuma ng'ombe uchochoroni kwa mikono yake, akiita "Njoo! Njoo!" kwa sauti ile ile. Homa ilipita vijiji vya pembeni ikaacha mifupa. Boma la Mzee Ndahani halikupoteza hata ndama, na masika yaliyofuata yeye ndiye aliyekuja kuniuliza siku ya chanjo ni lini. Nilifurahi mpaka nikalia, tena mbele za watu.

Juu ya suala la masjala, Bwana Afisa hakulitaja tena. Ila siku chache baadaye watumishi wote wenye pikipiki waliamriwa kwenda Kizota kwa Fundi Mkuu, kujifunza "uwashaji wa namna zote". Nilimuuliza ni namna gani hizo. "Nimekwambia," alijibu, "mimi sijaona."

Baada ya Bahi nilihamishiwa Mpwapwa, kisha Kondoa, kisha nikarudi mjini. Zikaja pikipiki za mapigo manne, imara, zisizotaka kuchanganyiwa oili, zinazokunywa petroli kidogo. Ni nzuri, sizisemi vibaya. Lakini ziko kimya mno, na hazina siri.

Siku ya kustaafu kwangu walifanya sherehe uwanjani pale pale penye ofisi. Bwana Afisa, mzee sasa, ana mkongojo, alikaa viti vya mbele. Fundi Mkuu alikuwa ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, lakini wanafunzi wake wa Kizota walikuwa wameitoa Nyenje stoo, wameipaka rangi nyekundu mpya, na kuitia petroli iliyochanganywa sawasawa. Niliinusa. Wakasema niipande nitoke getini, wapige makofi, ndiyo kuaga. Nikapanda. Nikatazama ofisi, nyuso za wenzangu, geti liko wazi mbele yangu, na nje ya geti barabara ya kwenda nyumbani Miyuji. Nikapiga kiki, na mguu ukasita.

Nyenje ikawaka kwa kukwaruza.

Vijana hawakujua. Walikuwa tayari wanapiga makofi. Niliisikia mimi, na nikamwona Bwana Afisa ameinua kichwa, naye aliisikia. Ningeweza kuzima. Sikuzima. Nikatia gia, nikaachia klachi, nikaondoka kinyumenyume, mbali na geti, kurudi katikati ya uwanja kwa watu wangu, machozi yananitoka na meno yote yako nje. Makofi yakakatika. Kijana mmoja akakimbia kunishika.

"Mwacheni!" mzee alipaza sauti, amesimama, mkongojo juu. "Anajua anakokwenda! Njoo mama, njoo! Kata kushoto! Njoooo!"

Nikaja mpaka kwenye kiti chake, nikazima. Tukashikana mikono. Halafu nikapiga kiki ya pili, ya nguvu, nikaenda nyumbani.